Kiwanja Kimeota Majani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Viwanja Unguja na Pemba

Ukurasa huu ulianza kama ujumbe wa sauti. Watu wenye viwanja, wengine wako Muscat, wengine Dar es Salaam, wengine wanakaa hapo hapo Mwanakwerekwe ila kiwanja kiko Tunguu, walikuwa wakiniuliza mambo yale yale kila masika ikimalizika, mpaka nikachoka kusema. Nimekaa miaka kadhaa kwenye kamati ya mazingira ya shehia yetu, yaani mtaa wetu kiserikali, chini ya sheha, na mimi mwenyewe nina kiwanja cha urithi kilichonitia adabu. Ninayoyaeleza ni ya huku Visiwani. Bara wana sheria zao za ardhi, na mfano wa Kinondoni haumfai mtu wa Chukwani.

Kiwanja ni changu, majani ni yangu. Kinamhusu nini mtu mwengine?

Hapa ndipo wengi tunapoanzia vibaya. Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma na iko chini ya mamlaka ya Rais. Wewe ulichopewa, au ulichorithi, au ulichonunua, ni haki ya matumizi. Haki hiyo ni nzito: unaweza kuirithisha, kuiuza kwa utaratibu, kwenda nayo mahakamani. Lakini ni haki ya kutumia, na mtu aliyepewa haki ya kutumia akakiacha kiwanja miaka 15 kikawa msitu, ameshaanza kujitoa mwenyewe. Sheria hiyo hiyo inataka ardhi itumike vizuri.

Juu ya hiyo kuna sheria ya afya ya jamii na mazingira ya 2012, inayomkamata mwenye mali au mkaazi anayeacha eneo lake likawa udhia kwa wengine, kuna sheria ya serikali za mitaa ya 2014 inayoyapa mabaraza nguvu ya kutunga sheria ndogo za usafi, na kuna sheria ya mazingira ya 2015. Huna haja ya kuzisoma zote. Jua tu kwamba neno linalorudi kila mahali ni *udhia*: harufu, wadudu, panya, maji yaliyotuama, moto, mahali pa kujificha wezi. Majani peke yake si kosa. Kosa ni pale yanapomfikia jirani.

Sipo Zanzibar. Nani anawajibika?

Wewe. Ukiwa umepangisha, mpangaji anabeba usafi wa kila siku, na mwenye mali anabeba mengine. Ukiwa umempa fundi ajenge, kifusi chake ni chake kwa makubaliano yenu, lakini sheha atakupigia wewe. Kiwanja kitupu hakina mpangaji wala fundi, kwa hiyo kinabaki na jina moja tu.

Kwa hiyo mtafute mtu. Karibu kila kiwanja kibovu nilichokipitia, nyuma yake sikukuta mtu mbaya. Nilikuta mtu asiyekuwepo, ambaye hakumwachia mtu. Na simaanishi "nimemwambia binamu yangu apitie pitie". Namaanisha mtu mwenye jina, namba ya simu aliyonayo sheha, na malipo yanayojulikana.

Nami niliingia mkenge. Nilipokuwa kikazi Bara miaka miwili, nilimlipa kijana mmoja asafishe kiwanja chetu kila baada ya miezi mitatu, atume picha. Picha zikaja, safi kabisa, udongo mwekundu umefagiliwa, mpapai kwenye kona. Nikawa natuma pesa. Safari ya nne dada yangu ndiye aliyezikuza kwenye simu: picha ya Machi na picha ya Juni zilikuwa na paka yule yule, amelala pale pale chini ya mpapai, mkia umeelekea kule kule. Nilipofika mwenyewe mpapai ulikuwa umeshaanguka na magugu yamenifika kifuani. Tangu siku hiyo nataka picha ya video, mtu anatembea kutoka bikoni hadi bikoni, yaani zile alama za mpaka, na anataja siku ya leo kwa sauti yake.

Kama una mambo mazito zaidi, kesi ya mpaka au mauzo, mpe mtu hati ya uwakala iliyoandikwa na wakili. Ya kufyeka tu haihitaji hati.

Mzee amefariki, tuko ndugu tisa, mirathi haijagawiwa. Nani asafishe?

Swali hili lina machozi ndani yake. Kila mmoja anasema "ni cha wote", maana yake hakuna anayekwenda. Ami anasema yeye ni mzee, mdogo anasema yeye hakuulizwa wakati wa kuuza shamba lile jengine, na walioko nje wanasubiri walioko ndani.

Njia niliyoiona ikifanya kazi ni hii: kabla hata ya kugawa, mmoja anashika daftari. Analipa kufyeka, anaandika tarehe na kiasi, ndugu wawili wanatia saini, na siku ya kugawa gharama hiyo inatolewa kwanza. Ikishaandikwa hivyo watu hawagombani sana, kwa sababu hakuna anayehisi anafanya kazi ya bure kwa faida ya wenzake. Mirathi ikikwama kabisa, iko Mahakama ya Kadhi, na iko Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Usisubiri ifike huko ndipo ukate majani.

Kiwanja kikiwa ni cha wakfu, nenda Kamisheni hiyo hiyo moja kwa moja. Usiingie na panga lako kwa nia njema.

Ardhi yangu, minazi ya mtu mwengine. Makuti na vifuu vinavyoanguka ni vya nani?

Mgeni akisikia swali hili anadhani tunatania. Huku kwetu mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti, na sheria ya 1992 inaitambua miti kama haki inayojitegemea. Kwa hiyo unaweza kuwa na kiwanja halali chenye minazi sita ya mtu aliyerithi kwa bibi yake, naye ana haki ya kuingia kuangua nazi.

Haki ya kuingia inakwenda na kazi yake. Anayeangua nazi aondoe makuti aliyoyaangusha, makumbi na vidaka. Nyinyi wawili mkae mbele ya sheha mkubaliane: mkwezi anaingia mara ngapi kwa mwaka, anapitia mlango gani, na nani anakusanya takataka ya chini. Majani yanayoota kati ya minazi ni yako wewe mwenye ardhi. Kuti kavu lililoanguka lenyewe usiku juu ya ukuta wa jirani ni la mwenye mnazi, na ndilo litakaloleta ugomvi, kwa hivyo liandikeni.

Je, nimpe mtu alime muhogo ili kisiote?

Ndiyo, na ni dawa nzuri kuliko panga. Muhogo, viazi vitamu, mchicha: mlimaji anapalilia kwa faida yake na wewe hulipi senti. Lakini soma tena jibu lililopita. Kwa kuwa mti ni haki peke yake, usimruhusu kupanda cha kudumu. Leo kapanda mgomba, kesho mpera, kesho kutwa mnazi, na siku unataka kujenga anakuja na watoto wake kudai fidia ya miti, na pengine ana hoja.

Karatasi moja kwa sheha inatosha: jina lake, jina lako, mazao ya msimu tu, hakuna mti wala banda la kudumu, na atatoka baada ya kuvuna utakapompa taarifa. Nimeona watu wakiona haya kumwandikisha mtu waliyemsaidia. Haya hiyo ndiyo inayowafikisha Mahakama ya Ardhi.

Nimeletewa ilani ya baraza. Nifanye nini?

Usiitupe na usimtukane aliyeileta. Isome. Ilani nzuri inataja kiwanja gani, tatizo gani na una siku ngapi. Kama namba ya kiwanja si yako, rudi ofisini siku hiyo hiyo ukiwa na hati yako, kwa sababu viwanja vinavyopakana huchanganywa sana, hasa pale bikoni zimefunikwa na majani. Kama ni chako na siku hazitoshi, andika barua ya mistari mitatu kuomba muda, ipokelewe, ubaki na nakala yenye muhuri. Maafisa wengi wa afya wanakubali. Wanachotaka ni kuona mtu amejitokeza.

Ukikaa kimya, kwa kawaida mambo mawili yanafuata: faini, na baraza kusafisha wenyewe kisha kukudai gharama. Ukitozwa faini, omba uoneshwe kifungu cha sheria ndogo na kiwango chake, ulipe kwa namba ya malipo ya serikali na uchukue risiti. Pesa ya mkononi kwa mtu aliyesimama barabarani si faini.

Mjini Unguja ilani itatoka kwenye manispaa yako, iwe Mjini, Magharibi A au Magharibi B. Pemba itatoka baraza la mji, Chake Chake, Wete au Mkoani, au halmashauri ya wilaya kama uko shamba. Kila moja ina sheria zake ndogo. Usibishane kwa kutumia faini ya shemeji yako wa wilaya nyengine.

Kiwanja changu kimegeuzwa jaa. Sikutupa mimi hata ganda la ndizi. Kwa nini nibanwe mimi?

Naelewa uchungu wake. Lakini jaa halizaliwi siku moja. Linaanza na mfuko mmoja, alfajiri, mtu anapita kwenda kazini. Mfuko ukikaa siku tatu bila kuondolewa, wa pili umepata ruhusa. Halafu anakuja mwenye makumbi ya madafu, halafu mwenye godoro, halafu usiku gari ya ng'ombe inamwaga kifusi, na kifusi kikishafika hakuna tena anayeona haya. Kunguru wanajua kabla yako. Hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa kutoka India miaka ya 1890, inasemekana ili wale taka za mji, na kazi hiyo wanaifanya kwa kutawanya kile ambacho mtu alau alikifunga kwenye mfuko.

Kuhusu mifuko yenyewe: Zanzibar iliipiga marufuku ile ya plastiki 2006, miaka 13 kabla ya Bara. Chimba jaa lolote la zamani uone ilivyo mizima.

Kinachofanya kazi ni kuwahi. Ondoa ule mfuko wa kwanza. Mpe anayekaa mkabala, muuza duka au mama wa maandazi, kitu kidogo kwa mwezi akupigie anapoona kitu. Piga ripoti kwa sheha mara ya kwanza, si mara ya kumi, ili ibaki kwenye kumbukumbu kwamba wewe ni mlalamikaji. Ukimjua anayetupa, usimvizie na fimbo. Peleka jina na picha. Weka senyenge au ua wa michongoma upande wa barabara tu, kwa sababu taka hutupwa kutoka barabarani, si kutoka kwa jirani wa nyuma.

Bango la "Ni marufuku kutupa taka hapa" sijawahi kuona likifanya lolote isipokuwa kuonesha pa kutupa.

Mtaa mmoja wa Ng'ambo waliondoa jaa, wakasawazisha, wakawaachia watoto waweke magoli ya fito. Miaka mitatu sasa. Watoto wa mpira wana macho kuliko askari.

Nimemaliza kujenga. Kifusi na mawe yaliyobaki niyaache hadi lini?

Yasilale barabarani wala kwenye mtaro hata wiki moja, maana mvua kubwa ya kwanza itayasukuma ndani ya mtaro na uwani kwa mtu. Kifusi kisafi, yaani mawe na tofali bila mbao wala mifuko, kina wateja: kuna mtu mtaani anajaza msingi. Tangaza msikitini au kwenye kundi la simu la mtaa, atakuja na gari yake. Kisichotakiwa kinakwenda dampo la Kibele, na ukimlipa dereva, mlipe nusu mbele na nusu akirudi. Vyenginevyo kitaishia kwenye kiwanja cha mtu aliyeko Muscat.

Naweza kuchoma majani niliyoyafyeka?

Mjini, usichome. Nyumba zimebanana, kuna nguo kwenye kamba, kuna watu wa pumu, na sheria ndogo za mabaraza hazipendi moshi. Shamba watu wanachoma, najua. Basi angalau usichome kiangazi cha kaskazi, Januari na Februari, wakati kila kitu kimekauka na upepo hautulii. Fanya uwazi wa hatua kadhaa pembezoni, weka ndoo za maji, choma kidogo kidogo jioni upepo ukilala, na usiondoke mpaka majivu yapoe mkononi. Zimamoto ni 114.

Upande wa mashariki na kusini ya Unguja, huko uwandani Paje, Jambiani na Makunduchi, kuna sababu nyengine. Udongo ni mwembamba, umekaa kwenye vishimo vya jiwe la matumbawe. Moto unaula ule kidogo uliopo. Majani yakate uyalaze hapo hapo yaoze.

Na dawa ya kuulia majani?

Inaua kweli. Lakini sehemu kubwa ya maji tunayokunywa Unguja ni ya chini ya ardhi, visima na chemchem, na jiwe letu la matumbawe limejaa nyufa na mapango. Kinachomwagwa juu kinashuka haraka. Karibu na kisima au pango la maji usipige kabisa. Kwa mantiki hiyo hiyo, usitupe taka wala mafuta machafu kwenye shimo la jiwe kwa sababu "halina mwisho". Lina mwisho, na huenda ni bomba lako.

Tukifyeka, malaria itaondoka?

Tunalisema sana kwenye mikutano ya shehia, na ni nusu ya kweli. Mbu hazaliwi kwenye majani, anazaliwa kwenye maji. Majani marefu yanampa kivuli cha kupumzikia mchana, na yanaficha vitu vyenye maji ndani. Ukifyeka ukaviacha vile vitu, umewafanyia usafi mbu.

Kila mbu ana maji yake. Wa malaria anapenda maji safi yenye jua: dimbwi, alama za kwato za ng'ombe zilizojaa mvua, mahandaki ya mchanga uliochimbwa. Wa homa ya dengue, yule mweusi wa madoa meupe anayeuma mchana, anapenda vyombo: kifuu cha dafu, tairi, kopo, mfuko uliokunjika, tundu la mti. Mayai yake yanastahamili ukavu miezi, halafu mvua ikinyesha, siku 7 hadi 10 tu ana mabawa. Wa matende anapenda maji machafu: karo iliyopasuka, choo cha shimo kilichoachwa. Makunduchi, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga punje ndogo nyeupe za plastiki nyepesi kwenye vyoo vya shimo, zikaelea zikafunika maji, na mbu wa aina hiyo wakapungua sana. Punje huna, lakini mfuniko wa zege unaweza kuutia.

Malaria hapa kwetu kwa miaka mingi imekuwa chini ya asilimia 1, kwa kazi kubwa ya vyandarua, kupiga dawa na kupima. Kwa hivyo siku ya usafi, kabla ya kushika kwanja la kufyekea, shika gunia. Zunguka kiwanja kizima uokote kila chenye umbo la kikombe. Vifuu vipelekwe vikapikiwe. Makumbi mazima, ulizia akina mama wanaofukia pwani kwa usumba.

Kuna upupu. Mafundi wamekataa kuingia.

Wana haki. Upupu unatambaa juu ya kichaka, maua ya zambarau, kisha maganda yenye manyoya ya rangi ya dhahabu yanayomeremeta kama mahameli. Usiyasifu. Yakikauka, upepo unayapeperusha mpaka kwa jirani, na atakayepata shingoni hatalala.

Ukate wakati wa maua, maganda bado mabichi. Ukishachelewa, subiri asubuhi yenye umande au baada ya mvua, manyoya yakiwa yameloa, vaa mikono mirefu, kata mzizi chini na uache mmea ujifie juu kwa juu. Usiuvute. Akiwashwa mtu asijikune wala asisugue. Bandika gundi ya karatasi ubandue, kisha maji mengi.

Hapo hapo niseme kuhusu nyoka: kichaka cha miaka kinaingiwa na buti, fimbo ndefu na kelele, kutoka upande wa barabara kuelekea nyuma ili wapate pa kutokea. Aliyeumwa asichanjwe wala asifungwe kamba ya kukaza. Atulizwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali.

Kiwanja changu kiko mteremkoni Pemba. Nikwangue chote kiwe cheupe?

Hapana, hapana. Pemba ni vilima na mabonde, na mvua yake ni nyingi kuliko ya Unguja. Ukikwangua kilima kikabaki udongo mtupu Machi, Mei utaukuta bondeni kwenye mpunga wa watu, na mlango wa nyumba ya chini umezibwa. Kusafisha si kukwangua. Ng'oa vichaka, acha ukoka ufupi, na kata mistari ukifuata mzunguko wa kilima, usishuke nayo moja kwa moja.

Kwenye mikarafuu ni hesabu nyengine. Chini ya mkarafuu panapaliliwa kabla ya msimu, ili chumo lililoanguka lionekane, na ili moto usipate cha kula. Mkarafuu wa miaka 40 ukichomwa na majani ya msimu mmoja, umepoteza kitu ambacho mjukuu wako ndiye angekipata. Shamba la eka tatu lisilopaliliwa linamponza hata wa jirani. Na usidhani "kusafisha" kunakuruhusu kukata mkarafuu uliozeeka. Huo unahitaji kibali. Miti mengine mikubwa pia, muulize kwanza ofisa wa misitu wa wilaya, hata kama umeupanda mwenyewe.

Nina gofu Mji Mkongwe, miti inaota ukutani.

Usiguse kabla ya kwenda Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Mji umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000 na huwezi kubomoa wala kujenga kwa rai yako. Ila usizitumie taratibu hizo kuwa kisingizio cha kukaa. Sote tuliona Beit al-Ajaib ilivyoporomoka upande mmoja Disemba 25, 2020, na hilo lilikuwa jumba la serikali, si chumba cha watu wawili uchochoroni.

Kuta zetu ni mawe na chokaa. Maji yakiingia juu, chokaa inalainika, boriti zinaoza kwenye ncha zilizomo ukutani, na ndege analeta mbegu ya mtini wa mwitu. Mche ukiwa na urefu wa kidole unang'oka kwa vidole viwili. Ukiwa mkubwa kama mkono, usiuvute hata kidogo, kwa sababu mzizi utatoka na mawe yake. Unakatwa karibu na ukuta, mzizi unauliwa taratibu, tundu linazibwa kwa chokaa. Si kwa saruji: saruji inafunga unyevu ndani. Na kifusi kilichojaa chumba cha chini kiondolewe na fundi anayejua, maana pengine ndicho kinachouzuia ukuta.

Ndani mna makaburi. Na wazee wanasema pembe ile ina mzimu.

Makaburi yanafyekwa, hayasogezwi. Waite wenyewe, wengi watashukuru kwa kuitwa. Pembe ya mzimu iache na miti yake, safisha kinachozunguka. Hata kama huamini, kichaka cha miti 10 mikongwe ni kivuli cha bure.

Majani yangu niyakate hadi wapi? Mtaro na uchochoro ni vya nani?

Kisheria mtaro na hifadhi ya barabara si chako. Kimtaa, kila mtu anafagia mbele ya mlango wake, na mbele ya kiwanja kitupu hakuna mlango. Fyeka mpaka ukingo wa mtaro. Kuondoa udhia njiani ni sadaka, tulifundishwa chuoni, kwenye madrasa, kabla ya kujua kusoma sheria ndogo.

Mara ngapi kwa mwaka?

Mbili zinatosha kwa viwanja vingi. Ya kwanza mwishoni mwa Februari, kabla masika haijaingia: hapo kazi ni mitaro, vyombo vya maji na kifusi. Ya pili Juni, masika ikishatoka, majani yako juu na ardhi bado laini: hapo ni kwanja na jembe. Ukikosa ya Juni, Oktoba utalipa mara mbili, kwa sababu magugu yatakuwa yameshakuwa miti na aliyekuja na kwanja atakutaka umletee shoka. Katika kila safari, zifikie bikoni nne, zifagie, zipake chokaa. Kiwanja kisichoonekana mipaka ndicho matapeli wanachokiuza mara ya pili.

Kuna mzee anapita na baskeli, anaomba kukata majani ya ng'ombe wake bure. Nimruhusu?

Mruhusu leo. Atachukua ukoka na majani laini, vichaka atakuachia wewe, lakini atakuwa ndani ya kiwanja chako kila baada ya siku mbili na macho yake mawili. Mpe namba yako, na mwambie akitoka arudishe ile senyenge kwenye msumari.